Mulinee ya Mujomba Assumani

Kampala, 24 Machi 2026

Mujomba wangu Assumani,

Asalaam aleikum. Mimi mupwa wako Alima niko salama hapa Kampala, mume wangu yuko salama, na jina lako, Assumani mudogo, ameota meno mawili na anauma kila mutu anayemubeba. Idi ilipita vizuri. Nilipika pilau lakini haikufikia ile ya nyumbani Goma, pale Birere. Niliwawaza ninyi wote mukizunguka sinia moja, wewe ukigawa nyama kama kawaida yako, kipande kikubwa kwa mutoto mudogo kabisa. Nisalimie mwanao Aruna na muke wake Faida. Na ile lori yako ya Benz isiyo na injini, bado iko uani? Kuku bado wanatagia ndani?

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu hamupatani. Kelele ya malori ilishakula masikio yako, mimi napiga kelele huku, wewe unajibu mambo mengine kabisa. Kwa hiyo barua, kama zamani.

Sasa nije kwa neno lenyewe. Ndayambaje, yule dereva uliyemufundisha usukani, amenipitishia maharagwe kutoka Kiwanja pamoja na habari. Eti Mujomba amekuwa muvuvi! Eti tangu mwezi wa Ramadhani unashinda kando ya ziwa pale Kituku na kijiti na uzi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ambaye hata boti ya Bukavu ulikuwa unaiogopa, ukisema gari halizami!

Lakini nimefurahi sana. Tangu mama yangu alipokufa, ni wewe uliyenilisha na kunisomesha, na sijawahi kukupa kitu cha kukufurahisha wewe mwenyewe, si cha nyumba, si cha watoto. Mwaka huu nguo ninazoshona zinauzika, na nimeweka kando zawadi yako. Kuna duka hapa linauza fimbo za kuvulia za kisasa na ile wanayoita mulinee, kile kichuma kinachofungwa kwenye fimbo, unazungusha mukono wake na uzi unajikunja wenyewe. Shida ni kwamba pesa haitoshi kununua vyote viwili vizuri. Muuzaji ananiuliza kila nikipita: Mama, fimbo nzuri na mulinee ya kawaida, au mulinee nzuri na fimbo ya kawaida? Mimi najua uzi wa cherehani tu. Amua wewe, uniandikie.

Mutoto wako,
Alima


Goma, 7 Aprili 2026

Kwako Alima,

Wa aleikum salaam. Anayeshika kalamu ni Faida, mimi nasema tu, juu macho yananisumbua siku hizi. Ukikuta maneno matamu ni yake, ukikuta makali ni yangu.

Huku tuko. Tunalala, tunaamuka, tunashukuru. Mulima wetu wa moto unawaka usiku kama kawaida yake na vumbi la Birere liko pale pale. Aruna anauza mafuta ya pikipiki, akirudi nyumbani ananuka petroli mpaka watoto wanakataa kumukumbatia. Kuku wako salama. Mu Benz, kiti cha convoyeur, musaidizi wa dereva, ni chao, kiti cha dereva ni changu, hatujagombana bado. Mubusu jina langu, na umwambie kuuma watu ni tabia ya kwenu upande wa baba, si ya kwetu.

Aksanti kwa zawadi. Jibu ni fupi: weka pesa yote kwa fimbo. Ndefu, nyepesi, mutu aishike kwa mukono mumoja bila kuchoka. Mulinee usilete, ya bei wala ya bure. Mulinee ni mashine, na mimi mashine nimeshatengeneza za kutosha katika maisha haya, chini ya gari, kwenye matope, mvua ikininyeshea mugongoni. Nimestaafu. Mutu akae ziwani anazungusha, anazungusha kama anayesaga mahindi? Hapana bwana. Wanaume wa Kituku wenye nyavu za visamaki vya sambaza tayari wananicheka na kijiti changu. Nikija na mulinee watanipiga picha.

Na usisikilize wanaosema sionekani nyumbani. Samaki wa Kituku wanakula ndoano saa ya chakula cha muchana, kwa hiyo saa ile lazima niwe huko. Nakula sambaza za kukaanga pale pale, inatosha.

Mujomba wako,
Assumani

Dada Alima, ni Faida. Muzee hajui kama naongeza haya. Siku ya Idi hakukaa kwenye sinia. Alisema tumbo limejaa, akaenda ziwani. Na anavaa koti hata jua likiwaka, mikono mufukoni. Aruna anasema ni uzee. Mimi sijui. Nimepika vibaya? Niambie wewe unayemujua.


Kampala, 17 Aprili 2026

Mujomba,

Hatujambo wote. Mutoto alipata homa siku mbili, ikaondoka, sasa anatambaa na kuvuta nguo za wateja. Mvua ni nyingi na umeme unakatika, nashona karibu na dirisha. Faida ni mupishi muzuri, mwambie nimesema hivyo.

Sasa, kuhusu samaki wako. Nilimuuliza muuzaji, yeye ni mutu wa kando ya ziwa tangu utoto, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Samaki gani wanakula ndoano jua likiwa utosini? Anasema asubuhi na jioni, Mujomba, hata watoto wanajua. Ama wa Kituku wana saa yao?

Na anasema tena, fimbo ya kawaida haina neno, itavua miaka. Lakini mulinee ya bei nafuu itakukwamia siku ile ile samaki mukubwa amekuja, meno ya mashine yanakatika na uzi unajifunga mafundo. Nilipomusikia nilikukumbuka wewe. Nani alikuwa akiniambia, "Kwenye gari, bodi inaweza kuwa mbaya namna yoyote, lakini kitu kinachozunguka usikibanie pesa"? Si wewe? Ulikataa kupaka Benz rangi miaka na miaka lakini bearing za magurudumu ulikuwa unanunua mpya. Leo kinachozunguka ndicho unachokikataa!

Niambie sababu ya kweli. Kama ni aibu ya kuchekwa, wacha wacheke. Mimi naona pesa iende kwa mulinee. Lakini zawadi ni yako na sitanunua kabla hujakubali. Nimemupa Ndayambaje shati lako, nimelishona mwenyewe, mikono mirefu kama unavyopenda. Livae nilione siku moja.

Alima


Goma, 26 Aprili 2026

Alima,

Salamu zote kutoka kwa wote. Shati limefika, limenikaa vizuri, Mungu abariki mikono yako.

Nimesema fimbo. Kama si fimbo, basi acha, nunulia mutoto viatu. Mutu mukubwa hasemi neno moja mara mbili, na mimi nimeshasema mara mbili.

Barabara ya Kiwanja ina matope, Ndayambaje asikimbie.

Assumani


Kampala, 6 Mei 2026

Mujomba wangu, baba yangu,

Leo sitauliza habari za kuku.

Ndayambaje alifika jana. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kofia mikononi, anasema hili, anasema lile, hasemi kitu. Mwishowe akaniambia, "Dada, muzee alipokea shati lako kwa mukono wa kushoto."

Nilisimamisha cherehani. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa karibu. Akasema, "Mimi huyu muzee alinipiga kofi hapa, kwenye shingo, siku nilipomupa soda kwa kushoto. Alisema wa kushoto ni wa chooni na wa kubadilisha gia, si wa kumupa mutu kitu. Na sasa anapokea kwa huo huo, na wa kuume uko ndani ya koti, na macho yake yananiambia nisiulize."

Basi nimeelewa yote, Mujomba. Nimeelewa kwa nini Faida anakuandikia. Si macho. Nimeelewa kwa nini unataka fimbo ya mukono mumoja na mulinee unaichukia, juu huwezi kuizungusha. Na nimeelewa kwa nini ulikimbia sinia siku ya Idi na kila siku unakimbia chakula cha nyumbani, unaenda kukaa kando ya maji kama mugeni. Huwezi kula kwa wa kuume, na hutaki watoto wakuone ukila kwa wa kushoto.

Nimelia, sikufichi. Nimelia na nimekasirika. Baba yako, babu yangu, alianza vivyo hivyo, mukono ukaanguka wakati wa kula, akasema si kitu, na mwezi haukwisha, akafa. Wewe ndiwe uliyenisimulia! Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamufichua. Unataka kilio hicho kinifikie mimi huku Kampala nikiwa nashona vifungo vya watu?

Mungu mwenyewe amemusamehe mugonjwa. Anayeshindwa kusimama anaswali amekaa, anayeshindwa kwa kuume anakula kwa anachoweza. Wewe ni nani ujikatalie kitu ambacho Mungu ameruhusu?

Sikiliza. Nenda kwa dokta. Si kesho kutwa, siku utakayosomewa barua hii. Usipokwenda, fimbo hununuliwi, mulinee hununuliwi, na mimi napanda basi na mutoto mugongoni, nije nikuvute kwa huo huo mukono. Nakuogopea sana, Mujomba. Nilikuwa na mama mumoja na nilishamuzika. Baba niliyebakiwa naye ni wewe.

Faida, mudogo wangu, najua ndiwe unayemusomea. Musomee yote. Usiruke hata neno.

Alima


Goma, 14 Mei 2026

Alima mwanangu,

Amenisomea yote. Alipofika kwenye sinia akashindwa kuendelea, akalia, na mimi nikabaki nimekaa kama mwizi aliyeshikwa na kuku mukononi. Halafu akaenda kumuita Aruna. Aruna alichukua funguo za pikipiki tu. Kwa hiyo usijisifu, basi lako halikuhitajika.

Nikueleze kuanzia mwanzo, Faida aandike polepole.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya joto, nimefunga, nyumba imejaa watoto. Nikaenda kukaa mu Benz, kwenye kiti changu. Unajua dereva anavyolala: dirisha wazi, mukono umening'inia nje ya mulango, kwapa limebanwa kwenye chuma. Nililala hivyo tangu adhuhuri mpaka nikasikia adhana ya magharibi. Nikataka kufungua mulango. Mukono ukakataa. Nauangalia, kiganja kimeanguka kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nauambia inuka, hauinuki. Nikatumia wa kushoto kuubeba na kuuweka kwenye mapaja. Nikakaa pale giza likaingia, wote wanafuturu, wananiita, nami nawaza jambo moja tu. Baba yangu.

Nikasema, basi, zamu yangu imefika. Kama ni kufa, nife kimya, nisiwatie watu hofu na matumizi ya hospitali. Kutoka siku ile, koti. Aruna akinipa kitu, nasema weka hapo. Kula ndiyo ilikuwa adhabu. Miaka yote mimi ndiye nagawa nyama kwenye sinia, leo nitie mukono wa kushoto ndani ya chakula cha watoto wangu? Sikuweza. Nikaenda Kituku. Pale watu wanakula sambaza wamesimama, kwa mukono wowote, hakuna anayemuangalia mwenziwe. Kijiti nilikibana kwapani. Samaki, nikuambie ukweli, sijapata hata mumoja. Siku nyingi ndoano haikuwa na chambo. Nilikuwa naangalia maji tu na kuhesabu ni nani atalala na njaa nikiondoka.

Halafu ukaniletea mambo ya mulinee! Wee Alima, kila barua yako ilikuwa inanichoma. Ningeweza kusema nini?

Sasa dokta. Kijana, miwani mikubwa, anafaa kuwa mujukuu wangu. Akanipima presha, akasema presha nzuri. Akaniambia nitembee, nikatembea. Akaniambia nicheke nionyeshe meno. Nikamuambia, dokta, na hofu hii niliyo nayo nicheke nini? Akasema cheka tu, muzee. Nikatoa meno kama mbuzi. Akasema uso uko sawa pande zote mbili, muguu uko sawa, ulimi hautelezi. Halafu akaushika mukono, akauliza, "Muzee, siku ile ulilala wapi?"

Nikamueleza Benz, mulango, mukono dirishani, na habari za baba yangu.

Alima, yule kijana alicheka! Nikataka kumupiga, lakini kwa mukono gani? Akasema, "Muzee, hujapata ule ugonjwa wa kupooza wa baba yako. Mushipa wa mukono umebanwa na mulango wa gari. Mukono wako haukufa, umelala. Na umeshaanza kuamuka." Akaniambia ninyanyue kidole gumba. Nikanyanyua kidogo. Kweli kilikuwa kinanyanyuka! Mimi mwenyewe sikuwa nimeona, juu nilikuwa naufunika kutwa nzima kama maiti.

Nililia pale mbele yake bila aibu yoyote. Aruna naye akalia. Wiki zote zile moyoni nilikuwa nimeshamurithisha redio yangu, na kumbe ni usingizi na mulango wa Benz. Faida hapa anacheka na kulia pamoja na karatasi inaloa, utaona madoa. Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi mara nyingi.

Amenipa kitu cha kufunga kiganja kisianguke, na amesema niupe mukono kazi ndogo ndogo, nyepesi, ya kurudia kila siku. Nikauliza kama kazi gani. Akasema, "Kitu chochote cha kuzungusha polepole, muzee. Una kitu cha kuzungusha?"

Aruna aliniangalia. Nilijua anachotaka kusema, nikamuambia anyamaze.

Sawa, umeshinda. Weka pesa kwa mulinee. Iwe laini, isinisumbue. Na usimuambie muuzaji habari za samaki wa saa sita.

Mujomba wako mujinga,
Assumani


Kampala, 19 Mei 2026

Mujomba wangu muzima!

Nilisoma barua yako nimesimama mulangoni, Ndayambaje hajazima hata gari, na nikapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Nikawaambia ndiyo, kuna harusi, mujomba wangu amefunga ndoa na mulango wa lori.

Ndayambaje alipoelewa aliketi kwenye ngazi akashika kichwa. Sasa anaapa hatalala tena na mukono dirishani. Anasema umemufundisha udereva mara ya pili.

Mulinee nimenunua leo leo. Nilimuambia muuzaji nataka ile ambayo mutoto anayejifunza cherehani anaweza kuizungusha kwa kidole. Alinitolea moja, nikaizungusha, haina sauti kabisa, inakwenda kama cherehani mpya. Mukono wake wa kuzungushia nimemuambia auweke upande wa kuume. Pesa imeishia hapo, na fimbo niliyoweza kununua ni ya kawaida sana, nyekundu, mbaya machoni. Utanisamehe. Kitu kinachozunguka hatukukibania.

Izungushe asubuhi na jioni, hata kitandani, hata bila samaki. Na Idi ya kuchinja iko karibu. Sikuambii kitu. Nakumbusha tu.

Alima

Faida, unaona? Hukupika vibaya hata siku moja.


Goma, 30 Mei 2026

Alima,

Jambo sana kwako, kwa mume wako, na kwa jina langu muuma watu. Kila mutu muzima. Kuku nao wazima, na sasa kiti cha dereva nimewaachia. Mimi nalala ndani kitandani kama watu.

Mulinee imefika. Nilianza nayo nimekaa kwenye kizingiti, watoto wananizunguka. Siku ya kwanza nilizungusha kidogo nikachoka, jasho likanitoka. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama wako shuleni, na hawaniachi mpaka wafike vingt, ishirini nzima. Jioni nakwenda Kituku, jioni ya kweli, si saa sita. Juzi uzi ukavutwa. Nikazungusha polepole, wavuvi wa nyavu wakaacha kazi yao wakasimama kuangalia. Tilapia! Kadogo, kamejaa kiganja tu. Walinipigia makofi kama nimevuta mamba. Hakuna aliyenipiga picha, na kusema kweli nilikuwa natamani.

Siku ya Idi Faida aliweka sinia katikati na hakuita mutu. Nilivua koti nikaketi. Niliosha mikono yote miwili, nikatia wa kuume kwenye wali. Tonge la kwanza lilianguka. La pili likamwagika nusu njiani. Aruna alikuwa anaangalia dari. La tatu likafika.

Halafu nikagawa nyama. Ilichukua muda mrefu na muchuzi ulipoa, lakini waliningojea wote, na kipande kikubwa nilimupa mudogo kabisa. Chako nilikiweka pembeni, Ndayambaje akakila kwa niaba yako.

Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe, kwa mukono wa kuume, tangu jana asubuhi. Ukishindwa kuisoma usimuulize Faida. Nilimuonyesha, naye ameshindwa.

Baba yako,
Assumani